Geto Langu na Robo Eka ya Mama: Somo la Makazi Kutoka Mikese

Wanachuo wenzangu, kila jioni nikitoka darasani Mazimbu nasema kitu kilekile mnachosema nyote mnaopanga mtaani: "Naenda geto." Geto langu liko Kihonda. Ni chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita, vitatu huku vitatu kule, korido katikati, choo na bafu uani. Wapangaji ni sita na bomba ni moja. Anayechelewa kuamka anaoga maji ya jana.

Makala hii ni somo. Mimi nasomea ualimu, niko mwaka wa tatu, na somo lenyewe nilishindwa kulifundisha mara ya kwanza. Nimeliandika upya hapa kwa sababu naona linatuhusu sisi tunaopanga vyumba, na wazazi wetu huko tulikotoka wanaouza ardhi ili tupange vyumba hivyo.

Chumba kilivyopatikana

Kwetu ni Mikese, kama kilomita thelathini hivi kabla hujafika Morogoro mjini ukitokea Dar es Salaam. Wengi wenu mnapafahamu kwa dirisha la basi. Ni malori barabarani, akina mama wanaouza matunda, milima ya Uluguru upande wa kushoto, basi, mmeshapita.

Mwaka wa kwanza nilipata hosteli. Mwaka wa pili sikupata. Mnajua inavyokuwa. Nafasi ni chache kuliko sisi, na bumu lilikuwa halijaingia. Dalali mmoja akanipeleka kwenye chumba cha shilingi 45,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba akataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, yaani 270,000. Dalali naye akataka kodi ya mwezi mmoja kama ujira wake. Jumla 315,000 kabla sijanunua godoro wala ndoo. Risiti sikupewa. Mkataba ulikuwa wa mdomo.

Nikampigia mama. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia, "Usijali mwanangu, tutaona." Wiki ile ile akauza robo eka ya shamba lililo karibu na barabara, kwa shilingi laki tano. Kwetu Waluguru ardhi inafuata ukoo wa mama, kwa hiyo ile robo eka haikuwa yake peke yake. Mjomba alipinga. Alimwambia, "Dada, ukimaliza kuuza pembeni utaanza kuuza katikati." Mama akamjibu kwamba mtoto hawezi kulala nje.

Mnunuzi alikuwa mtu wa mjini. Hakulima hata tuta moja. Alileta mpimaji, zikapandwa bikoni, robo eka ikawa viwanja viwili. Kila kiwanja alikiuza kwa zaidi ya mara mbili ya alichompa mama kwa vyote viwili. Sikuibiwa, na mama hakuibiwa. Bei tulikubaliana wenyewe. Lakini kila nikipita pale naziangalia zile bikoni, na najua kwamba kodi yangu ya miezi sita imezikwa chini yake.

Swali la kidato cha pili

Mwaka jana nilikwenda mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya sekondari ndani ya manispaa. Nilipewa Jiografia kidato cha pili. Siku ya somo la makazi niliwapa kazi rahisi: kila mmoja achore njia ya kutoka nyumbani hadi shuleni, na aonyeshe lami, taa, bomba la maji, mtaro na jalala.

Nilipozipanga zile karatasi mezani, mji ukajigawa wenyewe. Waliotoka upande wa juu, kwenye viwanja vikubwa chini ya mlima, walichora barabara iliyonyooka, miti, na bomba ndani ya kila uzio. Waliotoka mitaa ya chini walichora vichochoro, korongo, na foleni ya ndoo. Umbali wa kufika shule ulikuwa karibu sawa.

Msichana mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, mbona sisi tuko wengi bomba ni moja, na wao wako wachache kila nyumba ina lake? Nani alipanga hivyo?"

Nikatoa jibu la mtihani. Nikasema mitaa isiyopangwa inatokana na watu kuhama vijijini kuja mjini kwa wingi, wakajenga ovyo. Wakaandika. Kengele ikalia. Nikiwa njiani kurudi geto ndipo nilipotambua nilichosema: nimewaambia watoto kwamba kosa ni la watu kama mimi na mama yangu. Na swali la yule mtoto, la nani alipanga, sikuligusa kabisa.

Basi nikaenda kusoma. Haya ndiyo niliyorudi nayo kipindi kilichofuata.

Neno lenyewe geto

Tuanze na neno. Mwaka 1516 watawala wa Venice, huko Italia, waliwaamuru Wayahudi wa mji ule waishi sehemu moja iliyozungukwa na maji, iliyoitwa Ghetto. Iliwekewa malango. Mchana walitoka kwenda kwenye shughuli zao mjini, usiku malango yakafungwa na kulindwa. Mji uliitaka kazi yao lakini haukutaka wawe majirani. Baadaye neno likatumika miji mingine ya Ulaya, likavuka bahari hadi Marekani, ambako mitaa waliyobanwa watu weusi katika miji kama Chicago ikaitwa hivyo. Sisi tumelipokea likiwa limeshakuwa neno la vijana, la chumba cha kujitegemea.

Chumba changu hakina lango la kufungwa na askari. Ila lile wazo la Venice, kumtaka mtu mchana na kutomtaka usiku, lilifika hadi kwetu. Na lilipofika halikuhitaji malango. Lilitumia vipimo.

Dar es Salaam: sheria ya ukuta

Mwaka 1891 Wajerumani walitoa kanuni za ujenzi za Dar es Salaam. Upande wa bahari yaliruhusiwa majengo imara ya namna ya Ulaya tu. Nyumba za miti, udongo na makuti zikapewa sehemu ya nyuma. Waingereza walipochukua nchi wakaendelea na mtindo huo. Katika miaka ya 1920 mji uligawanywa kanda tatu: ya kwanza ya majengo ya namna ya Ulaya, ya pili ya biashara na makazi pamoja, ya tatu ya nyumba za namna ya wenyeji. Watu wa kawaida wakaziita majina yaliyo wazi zaidi: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini.

Angalieni ujanja ulipo. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa, na kuandika sheria inayosema "Mwafrika asiishi hapa" kungeleta maneno. Kwa hiyo sheria haikutaja ngozi. Ilitaja ukuta, paa, ukubwa wa kiwanja. Ukiweza kujenga kama Mzungu, karibu. Na mshahara wa Mwafrika ulijulikana ni kiasi gani. Baina ya Uhindini na Uswahilini ukaachwa uwanja mtupu, ambao leo ni Mnazi Mmoja. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya, kwamba nafasi ile ingezuia magonjwa yasivuke. Sasa jiulize, mpishi, yaya na mtumishi wa ofisi walivuka uwanja ule kila asubuhi, na jioni wakarudi. Mbu walizuiwa na nini?

Hiyo Uswahilini ndiyo Kariakoo, na hapa Mikese inaingia. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika kwetu, Waingereza waliiteka Morogoro Agosti 1916. Wajerumani wakarudi nyuma kusini, kuelekea Mgeta na Rufiji. Waingereza waliowafuata walishushiwa chakula na risasi stesheni ya Mikese, na kutoka pale mizigo ikaelekea Duthumi, sehemu kubwa ikiwa vichwani na mabegani mwa wapagazi. Wapagazi hao walikuwa Waafrika kutoka kila upande, wengi wao kwa kulazimishwa, na katika vita vile walikufa makumi kwa maelfu, zaidi kwa njaa, kuhara na malaria kuliko kwa risasi. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Kambi yao ya Dar es Salaam ikawekwa kwenye eneo lililokuwa limepangwa kuwa mtaa wa Waafrika, na ulimi wa watu ukaligeuza jina kuwa Kariakoo. Nairobi nako wana Kariokor yao, kwa asili hiyo hiyo.

Kwa hiyo njia iliyopita nyumbani kwetu ilibeba watu wale wale ambao jina lao limebaki kwenye mtaa wa kanda ya tatu. Na nyumba zilizojaa kanda ile zilikuwa za vyumba sita, korido katikati, choo uani, kila chumba mpangaji wake. Niliposoma hapo niliinua macho nikaitazama korido ya Kihonda.

Mazimbu: waliokimbia sheria ya namna hiyo

Sisi tunaosoma Mazimbu hatuna udhuru wa kutojua habari hii. Ardhi ya kampasi ilikuwa shamba la zamani la mkonge, ambalo serikali yetu iliwapa wapigania uhuru wa ANC mwaka 1977. Wakajenga shule wakaiita jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu Aprili 1979. Mwaka 1992 wakatukabidhi majengo na kurudi kwao. Wengine hawakurudi, makaburi yao tunayapita.

Walichokimbia ni pamoja na sheria ya mwaka 1950 iliyogawa kila mji wa Afrika Kusini kwa rangi. Mwaka 1955 serikali ilianza kuwatoa watu Sophiatown, Johannesburg, na kuwapeleka mbali na mji. Makaburu waliandika rangi waziwazi, na dunia nzima ikawapigia kelele. Sheria ya ukuta ya Dar es Salaam haikupigiwa kelele kama hizo. Kwa maoni yangu ndiyo sababu imedumu: ukiondoa rangi kwenye sheria ya makaburu, sheria inaanguka, ukiiondoa kwenye sheria ya vipimo, hakuna kinachobadilika, maana haikuwemo.

Baada ya Uhuru

Isionekane nasema hakuna kilichofanyika. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962, likabomoa vibanda vya maeneo kama Magomeni na kujenga nyumba bora, hadi gharama ikashinda. Mwaka 1963 umilikaji wa ardhi wa moja kwa moja uliokuwa wa wachache ulifutwa, ardhi ikawa ya umma. Mwaka 1971 majengo makubwa ya kupangisha yakataifishwa. Katika miaka ya 1970 ukaja mradi wa viwanja na huduma kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Manzese iliwekewa barabara na maji, Sinza na Kijitonyama zikapimwa viwanja kwa ajili ya watu wa kipato cha chini.

Leo nenda Sinza ukaulize bei ya kiwanja. Wengi waliopewa kwa sababu hawana, waliuza kwa sababu hawana. Mtu akiuguliwa, au akipata mtoto wa kusomesha, kiwanja chenye hati ndicho kitu pekee cha kuuza. Mwenye nacho akanunua.

Na vipimo vimebaki. Mipango miji yetu bado inagawa viwanja vya makazi kwa ujazo: ujazo wa chini, wa kati na wa juu. Ujazo wa chini maana yake viwanja vikubwa, watu wachache. Ujazo wa juu ni viwanja vidogo, watu wengi. Si siri kwamba maeneo ya ujazo wa chini ni yale yale ya Uzunguni, Oysterbay na wenzake. Sasa turudi kwenye swali la yule msichana, maana jibu lake lipo hapa. Mita mia za barabara zikipita kwenye viwanja vikubwa zinahudumia familia chache. Mita hizo hizo kwenye viwanja vidogo zinahudumia familia nyingi. Kwa akili ya kawaida, barabara na bomba vianzie kwa wengi, kwa sababu kila shilingi inafika mbali zaidi. Kinachotokea mara nyingi ni kinyume, kwa kuwa kule kwa wachache ndiko anakokaa anayesaini.

Halafu kuna kiwanja chenyewe. Kiwanja kilichopimwa kina gharama zake ambazo mtu wa kipato cha siku hawezi kuzilipa kwa mkupuo. Anakwenda kununua kwa mkulima pembeni ya mji, kipande kisichopimwa, anajenga chumba kimoja mwaka huu, kingine mwakani. Tunamwita mvamizi na mjenzi holela. Ukweli ni kwamba amelipa, ana karatasi iliyoshuhudiwa na mjumbe, na amejenga kwa kadiri ya mfuko wake. Mpango ndio uliomkosa.

Zamu ya Mikese

Treni ya mwendokasi ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024. Inasimama Pugu, Soga, Ruvu na Ngerengere. Kwetu haisimami, ila bei ya ardhi imeisikia. Siku hizi nikienda nyumbani nakutana na madalali wa viwanja wakiwa na pikipiki na daftari.

Ninachokiona kikija nimeshakisoma. Aliye kando ya barabara anauza kwanza kwa kuwa ndiye anayefuatwa, na anauza ekari, si kiwanja. Mnunuzi anapima, thamani inaruka, faida ya kuruka inabaki kwake. Muuzaji anasogea nyuma, kwenye mteremko au bondeni kwenye maji. Miaka ishirini baadaye mwanafunzi wa kidato cha pili wa Mikese atachora njia yake ya kwenda shule, karatasi zitajigawa mafungu mawili, na mwalimu mgeni atamwambia kwamba babu zake walijenga ovyo.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imetupa nafasi. Ardhi ya kijiji iko chini ya halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote, na mgeni hawezi kupewa kwa makubaliano ya watu wawili chini ya mwembe. Mwanakijiji anaweza kuomba hati ya hakimiliki ya kimila. Kijiji kinaweza kutenga njia, shule na visima kabla wanunuzi hawajaja. Vipimo vilevile vilivyotumika kuwatenga watu vinaweza kuwalinda, kama anayeshika futi ni mwenye shamba na amepima kabla ya kuuza.

Kazi yetu sisi

Kwanza, tunaopanga. Tudai mkataba wa maandishi na risiti, hata kama chumba ni cha 30,000. Mimi sikudai, na mwezi wa nne mwenye nyumba akapandisha kodi. Sikuwa na karatasi ya kumwonyesha. Serikali yetu ya wanafunzi ikae na wenye nyumba wa mitaa inayotuzunguka, wazungumzie kodi ya miezi mitatu badala ya sita. Tofauti ya miezi mitatu kwangu ilikuwa shilingi 135,000, na fedha hiyo ingeweza kusubiri bumu. Ile robo eka pengine ingekuwepo.

Pili, tunaokwenda kufundisha. Tukifika kwenye mada ya makazi tusiishie kwenye kuhama kutoka vijijini. Watu wamehama miji yote duniani. Tuwaulize wanafunzi maswali matatu: nani anaishi wapi, nani aliamua, na nani analipia. Nilipoyaandika ubaoni kipindi kile cha pili, darasa lilichangamka hadi wa jirani wakagonga ukuta. Yule msichana aliandika jibu la tatu kwa mstari mmoja: analipia anayechota. Nilimpa alama zote.

Tatu, tuliotoka vijijini. Likizo hii mkienda nyumbani ulizeni shamba limepimwa au la, na mkutano wa kijiji unakaa lini.

Mdogo wangu anamaliza kidato cha sita mwakani. Mama ameshaanza kulitazama lile shamba lililobaki. Mwezi uliopita tulikaa watatu, mama, mjomba na mimi, tukaandika barua ya kuomba hati ya kimila kwa jina la ukoo. Barua iko kwa mtendaji wa kijiji. Mama aliniuliza, "Na kodi ya mdogo wako itatoka wapi?" Nilikuwa na somo zima kichwani, lakini jibu la swali hilo sikuwa nalo. Nimemwambia atakaa kwangu geto, tutabanana.

Maswali ya kujadili

1. Chora njia ya kutoka unakoishi hadi darasani. Weka alama lami inapoishia na bomba linapoishia. Ni nani wanaoishi baada ya hapo?
2. Kanuni za ujenzi za mwaka 1891 hazikuhitaji kutaja rangi ili kuwatenga watu. Taja kanuni moja ya leo, ya chuo au ya mji, inayotenga bila kutaja anayetengwa.
3. Mzazi anauza ardhi ili mtoto apate chumba cha kusomea. Je, hiyo ni faida, hasara, au vyote viwili? Jibu kwa mfano wa kwenu.